Hoteli ya mizimu kule Arkansas, na yule mtu aliyekuwa hai

Niambie ukweli: unaweza kutoa pesa zako ulale kwenye chumba ambacho kila mtu anajua kina mzimu?

Hapa Nairobi tukisikia tu kwamba mpangaji wa awali alifia ndani ya nyumba, tunahama kabla ya mwisho wa mwezi, hata kama kodi ni ya chini na maji hayapotei. Huko Marekani kuna watu wanaofanya kinyume. Wanapiga simu hotelini wakiomba chumba nambari 218 kwa sababu wameambiwa kuna mikono hutokea kwenye kioo cha bafu. Wakiambiwa kimechukuliwa, wananuna.

Hoteli yenyewe inaitwa Crescent. Iko mji wa Eureka Springs, jimbo la Arkansas, juu ya kilima, mji wote ukiwa umelala chini yake. Ni jumba kubwa la mawe lenye minara na roshani, na ukilitazama kwa mbali unaweza kuapa ni kasri la mfalme fulani. Lilifunguliwa mwaka wa 1886. Siku hizi linajitangaza lenyewe kuwa hoteli yenye mizimu mingi zaidi Marekani, na kuna ziara ya kulipia ambayo huanzia ghorofa za juu na kumalizikia mochari, chini kabisa.

Ndio, mochari. Ndani ya hoteli. Tutafika hapo.

Mimi sijawahi kukanyaga Arkansas. Binamu yangu ndiye anaishi huko, ni dereva wa lori. Oktoba iliyopita alipata siku mbili za mapumziko, yeye na wenzake wa kazi wakaamua kwenda kuona hizo stori kwa macho. Alinitumia video 11 kwenye WhatsApp. Katika zile 10 za kwanza anacheka, anajificha nyuma ya mlango, anawatisha wenzake. Ile ya mwisho haina kicheko. Aliirekodi mochari, akiwa mbele ya rafu ya chupa kuukuu, na alisema sentensi moja tu: "Bro, huyu jamaa ni kama yule wetu."

Nilijua anamaanisha nani. Nilikaa siku tatu bila kumjibu.

Mji uliojengwa na wagonjwa

Ili uelewe hoteli, anza na maji. Eureka Springs ulianza mwaka wa 1879 kwa sababu ya chemchemi zinazotoka kwenye miamba ya milima ya Ozark. Watu waliamini maji hayo yanaponya. Macho, ngozi, figo, chochote. Habari zikasambaa, wagonjwa wakaja na mahema yao, kisha na mikokoteni, na kwa muda mfupi msitu ukageuka mji.

Wenye pesa waliona nafasi. Kampuni moja iliyoongozwa na aliyekuwa gavana wa Arkansas, Powell Clayton, pamoja na watu wa reli, ilijenga Crescent juu ya kilima ili matajiri wapate pa kulala wakija kutafuta uponyaji. Mchoro ulikuwa wa msanifu Isaac Taylor. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, mawe matupu. Gharama ilikuwa takriban dola 294,000, na hizo ni dola za zama zile, si hizi za leo.

Shida ni kwamba maji hayakuponya. Watu walikunywa, wakaoga, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao. Sayansi ya tiba ilipozidi kusonga mbele, wageni wakapungua. Mwaka wa 1908 jumba likageuzwa chuo cha wasichana. Chuo kikafungwa 1924, kikajaribu tena kati ya 1930 na 1934, kikashindwa. Baada ya hapo kasri likabaki tupu juu ya kilima, likingoja mtu mwenye pesa na wazo.

Alikuja mwaka wa 1937. Lakini kwanza nikupe mizimu, maana najua ndiyo iliyokufanya ufungue makala haya.

Orodha ya mizimu

Wa kwanza ni Michael. Inasemekana alikuwa fundi wa mawe kutoka Ireland, akateleza kwenye paa wakati wa ujenzi, akaangukia pale ambapo leo ni chumba 218. Wageni wanasema hugonga ukuta, hufungua milango na huzima televisheni.

Wa pili ni msichana wa chuo aliyeanguka kutoka roshani. Wengine wanasema alijirusha, wengine wanasema alisukumwa. Inategemea nani anasimulia.

Wa tatu ni muuguzi aliyevaa nguo nyeupe, anayesukuma kitanda cha magurudumu kwenye ujia wa ghorofa ya tatu usiku wa manane. Akifika mwisho wa ujia anapotea.

Wa nne anaitwa Theodora, wa chumba 419. Huonekana mlangoni akihangaika na funguo, kama mtu aliyerudi kutoka safarini na hakumbuki ni ufunguo upi. Akiulizwa, hujitambulisha kwa upole kuwa ni mgonjwa wa saratani, kisha hayupo.

Mwaka wa 2005 kipindi cha televisheni cha Ghost Hunters kilienda huko na kamera ya kunasa joto la mwili. Wakiwa mochari, kamera ikaonyesha umbo la mtu pale ambapo hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo hoteli haijapumzika.

Mimi nilisoma haya yote usiku, taa zote za nyumba yangu zikiwa zimewashwa. Nyumba yangu ina taa mbili.

Lakini hebu itazame tena hiyo orodha. Fundi mmoja, mwanafunzi mmoja. Halafu ghafla muuguzi, kitanda cha magurudumu, mgonjwa wa saratani, mochari. Hoteli na chuo cha wasichana vinahusianaje na mochari?

Daktari asiye daktari

Jamaa aliyenunua jumba mwaka wa 1937 alikuwa Norman Baker, mzaliwa wa Muscatine, jimbo la Iowa. Hakusomea udaktari hata siku moja. Ujana wake aliumaliza jukwaani, akizunguka na onyesho la mwanamke anayedai kusoma mawazo ya watu. Baadaye akaunda ala ya muziki inayotumia hewa, ikauza, akapata pesa. Mpaka hapo sina shida naye. Huyo ni hasla kama wewe na mimi.

Kisha akagundua redio. Mwaka wa 1925 alianzisha kituo chake, KTNT, pale Muscatine. Ukisoma habari zake unaona mara moja kwamba kipaji chake kilikuwa sauti. Aliongea na wakulima kwa lugha yao. Aliwaambia madaktari, mabenki na wakubwa wa miji wamewaibia, na yeye pekee ndiye aliyebaki kuwatetea. Watu walimpenda. Halafu akawaambia amepata dawa ya saratani.

Dawa yenyewe ilikuwa nini? Mchanganyiko wa pombe, gliserini, asidi ya kaboliki, pamoja na chai iliyochemshwa kwa mbegu za tikiti maji, nyuzi za mahindi na majani ya mmea ambao hulishwa ng'ombe. Ilidungwa kwa sindano. Hiyo tu.

Mei 1930 aliita mkutano wa hadhara Muscatine. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuja. Mbele yao akasimamisha wagonjwa waliosema wamepona, akanywa dawa yake mwenyewe kuonyesha kwamba haina sumu. Umati ukashangilia. Jiulize: mtu mzima mwenye afya akinywa chai ya mbegu za tikiti na hafi, hiyo inathibitisha nini kuhusu saratani? Hakuna kitu. Lakini ukiwa ndani ya umati, na nyumbani una mgonjwa, swali hilo halikujii.

Chama cha madaktari cha Marekani kikamwita tapeli hadharani. Akakishtaki, akashindwa kesi mwaka wa 1932. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imempokonya leseni ya redio. Unadhani alinyamaza? Alivuka mpaka, akajenga kituo kingine Nuevo Laredo, upande wa Mexico, chenye mitambo mikubwa ya kurusha sauti hadi Marekani. Ukifungiwa akaunti hapa, unafungua nyingine pale. Hii mbinu haikuanza na TikTok.

Ndipo akanunua kasri. Akalipaka rangi kali ndani, zambarau ikiwa ndiyo kipenzi chake. Alivaa mashati ya zambarau na kuendesha gari la rangi hiyo hiyo. Nje akatundika sifa za hospitali ya saratani. Wagonjwa wakaja, wengi wakiwa wazee, wakiwa na akiba ya maisha yao yote mfukoni.

Nimefikiria sana kwa nini alitaka jumba lile hasa. Nadhani ni hivi: dawa ya mbegu za tikiti ikiuzwa chini ya mti, utaicheka. Ikiuzwa ndani ya kasri la mawe, juu ya kilima, mji ambao umejulikana kwa uponyaji kwa miaka 50, na wauguzi waliovaa nyeupe, hautacheki. Utavua kofia.

Ujumbe wake ulikuwa rahisi kukariri: usikubali kisu, usikubali mionzi. Zama zile upasuaji na mionzi ndizo tiba za kweli ambazo madaktari walikuwa nazo. Hazikuponya kila mtu, na ziliuma. Lakini ziliokoa baadhi ya watu, hasa waliowahi. Baker aliwachukua wale waliowahi na kuwafanya wachelewe. Mtu aliingia akiwa na uvimbe ambao ungeweza kukatwa, akakaa majuma kadhaa akidungwa chai, akatoka ugonjwa ukiwa umeenea. Au hakutoka. Hapo ndipo mochari ilipohitajika.

Na ushuhuda? Ulikuwepo tele. Magazeti yake na redio yake vilijaa watu waliosema wamepona. Wengine labda hawakuwa na saratani toka mwanzo. Wengine walijisikia vizuri wiki ile ya kwanza, kwa sababu matumaini hufanya mwili uchangamke. Waliokufa hawakuandika barua kusema dawa haikufanya kazi.

Alikamatwa mwaka wa 1939. Mapema 1940 akahukumiwa miaka minne na faini ya dola 4,000. Soma vizuri kosa alilofungwa nalo: kutumia posta kulaghai watu. Si kwa sababu ya waliokufa. Ni kwa sababu matangazo yake yalipitia sandukuni. Alitumikia kifungo gereza la Leavenworth, akatoka, akaenda kuishi Florida, akafa mwaka wa 1958. Hakuna mzimu uliomfuata huko kwa taarifa nilizosoma.

Yule wetu

Sasa nirudi kwa ile sentensi ya binamu.

Mamake, dadake baba, ndiye shangazi aliyenilea kuanzia nikiwa darasa la sita. Aliniita "baba" kwa sababu nilipewa jina la babake. Aliuza mapazia ya mtumba Gikomba, na kutokana na mapazia hayo ndipo karo yangu ya sekondari ilitoka, kisha ya chuo. Kila jambo nililoandika kwenye blogu alilisoma. Alikuwa akiketi kwenye kibanda chake, miwani puani, akiwaambia majirani, "Baba ameandika tena."

Nikiwa mwaka wa pili chuoni alipata uvimbe kwenye titi. Hospitali ilikata kipande kidogo, ikapima, ikasema ni saratani, lakini ni mapema. Daktari akamweleza: upasuaji kwanza, halafu kemo. Alirudi nyumbani kimya. Aliogopa kisu. Jirani yake wa sokoni alikuwa amefanyiwa upasuaji na akafa, na hilo ndilo alilolikumbuka, ingawa jirani yule alienda hospitali akiwa ameshakonda kabisa.

Kulikuwa na kliniki ya mitishamba iliyokuwa ikijitangaza redioni kila asubuhi. Sitaitaja. Mwenyewe alijiita daktari. Alikuwa na sauti nzuri, na alisema kila siku kwamba kisu hutawanya saratani mwilini. Shangazi alisikiliza, lakini hakwenda. Alisema redio hutangaza chochote kikilipiwa.

Kilichomfanya aende ni blogu yangu.

Wakati ule nilikuwa na wafuasi wa kutosha na mfuko mtupu. Mtu wa matangazo wa ile kliniki alinipata, akanipa shilingi 5,000 niandike "stori ya matumaini". Alinitumia picha mbili na ushuhuda wa mama wa watoto watatu aliyepona bila kisu. Sikumtafuta huyo mama. Sikupiga simu. Sikuuliza daktari yeyote. Niliipamba vizuri, nikaweka nambari ya simu ya kliniki chini, nikaichapisha jioni. Pesa ziliingia kwenye M-Pesa kabla sijalala. Nilinunua viatu.

Na niseme hili pia: wakati ninaandika, nilikuwa sijui kuhusu uvimbe. Shangazi alitueleza wiki mbili baadaye, na alipoeleza alikuwa tayari ameanza dawa. "Nilisoma kwako, baba," aliniambia. "Nikajua hii si ya redio tu."

Hapo ndipo ningefaa kuongea. Kusema, shangazi, ile nililipwa. Sikusema. Niliona aibu. Nikajidanganya kwamba labda inafanya kazi, hao watu wote hawawezi kuwa waongo.

Kwa miezi saba tulilipa. Zaidi ya shilingi 140,000, nyingi zikitoka kwa binamu, ambaye alikuwa akiendesha lori zamu mbili ili atume. Shangazi alikunywa chupa moja baada ya nyingine ya maji ya rangi ya kahawia. Mwezi wa kwanza alisema anajisikia mwepesi. Mwezi wa nne mkono ulivimba. Mwezi wa saba tukamrudisha hospitali, na yule daktari aliyemwona mwanzo akaangalia picha za mapafu, akavua miwani, akauliza tu, "Mlikuwa wapi?"

Alifariki wiki sita baadaye. Binamu alifuatilia mazishi kwa simu, nikiwa nimeishika juu ili aone kaburi. Mtandao ulikuwa unakatika.

Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo. Huwa nasema karo iliisha. Ni kweli, iliisha. Aliyekuwa akiilipa tulikuwa tumemzika.

Chupa za chini ya ardhi

Zile chupa ambazo binamu alisimama mbele yake zina historia yake. Kwa miaka mingi pale Eureka Springs kulikuwa na uvumi kwamba Baker alifukia vitu nyuma ya jumba. Wengi walidhani ni stori za kuuzia watalii. Mwaka wa 2019 mtunza bustani wa hoteli alikuwa akichimba uwanjani akakutana na chupa. Moja, mbili, kumi. Waakiolojia wa Arkansas wakaitwa, wakachimba taratibu, wakatoa mamia. Nyingine zilikuwa za dawa. Nyingine zilikuwa na vipande vya nyama ya mwili wa binadamu ndani ya kimiminika, na zilifanana na zile ambazo Baker alizipiga picha kwenye matangazo yake akidai ni uvimbe alioutoa kwa wagonjwa.

Baadhi ya chupa hizo sasa zinaonyeshwa kwenye ziara ya mizimu. Binamu anasema kikundi chao kilikuwa na kelele hadi hapo. Mwelekezi alipoeleza kilicho ndani ya chupa, kelele zikaisha.

Nimesoma watu wakilalamika kwamba hoteli inachuma pesa kwa vifo vya wagonjwa wale, na siwezi kuwapinga moja kwa moja. Ukiuza tiketi ya kuangalia mochari, unauza kifo cha mtu. Lakini pia nafikiria hivi. Bila mizimu, jumba lile pengine lingebomoka. Lilikuwa na hali mbaya hadi wamiliki wapya walipolinunua mwaka wa 1997 na kulikarabati, na mwaka wa 2016 likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Na bila ziara ile, binamu yangu, dereva aliyeenda kucheka tu, hangejua jina la Norman Baker. Yeye aliingia akitafuta mzimu akatoka akiwa amemjua tapeli. Hiyo si hasara.

Kinachonisumbua ni kile tunachobeba tukitoka. Wageni wengi, kwa maoni ninayoyasoma, hukumbuka mkono kwenye kioo. Wanamwogopa Theodora. Theodora, kama aliwahi kuwepo, alikuwa mgonjwa aliyepanda kilima akiwa na matumaini na pochi. Hakumdhuru mtu. Hakuna mzimu hata mmoja kwenye orodha ile uliowahi kuua mtu. Aliyewamaliza watu alikuwa hai, anatembea mchana, amevaa shati la zambarau, na sauti yake iliingia kila nyumba yenye redio.

Na hakuwa peke yake. Kuna aliyemwandikia matangazo. Kuna aliyepanga herufi za gazeti lake, aliyesoma ushuhuda kwenye kipaza sauti, aliyepokea wageni mlangoni. Wote walilipwa kitu. Pengine waliununua viatu.

Kabla hujatuma pesa

Nimejifunza mambo machache kwa gharama kubwa, nakupa bure.

Mtu akijiita daktari, angalia. Baraza la madaktari nchini, KMPDC, lina orodha mtandaoni ya madaktari na hospitali zilizoidhinishwa. Unaandika jina, unaona. Inachukua dakika mbili. Mimi nilizikosa hizo dakika mbili.

Mtu akikwambia uache matibabu ya hospitali ndipo yake ifanye kazi, hiyo pekee inatosha kukufanya uondoke. Dawa inayotaka usipimwe inaogopa kipimo.

Ushuhuda si kipimo. Uliza wangapi walikunywa na wangapi wako hai baada ya miaka mitano. Atabadilisha mada.

Mgonjwa wako akiogopa kisu, usimcheke. Shangazi hakuwa mjinga. Alikuwa mfanyabiashara aliyeweza kumtambua mtu mwenye noti bandia kabla hajafungua mkono. Aliogopa, na hakupata mtu wa kukaa naye kwenye benchi la hospitali na kumuuliza daktari maswali kwa niaba yake. Ningeweza kuwa mimi. Hospitali tuliyomrudisha ilikuwa na muuguzi ambaye kazi yake ni kuzungumza na wagonjwa kabla ya upasuaji. Tulimjua tukiwa tumeshachelewa.

Na wewe mwenye akaunti, mwenye blogu, mwenye wafuasi 2,000 na deni la kodi: siku watakayokutumia picha mbili na ushuhuda, mtafute huyo mama wa watoto watatu. Ukimkosa, rudisha pesa.

Siku ya nne nilimpigia binamu. Nilimweleza kuhusu ile makala, kwamba ilikuwa yangu, kwamba mamake aliisoma. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Ulilipwa ngapi?"

"Elfu tano."

Alikata simu. Kwa wiki tano hakunijibu chochote. Halafu Jumapili moja akatuma ujumbe akisema niandike yote, nisijifiche, na nisiwatie Wazungu wa Arkansas peke yao. Tumeongea mara mbili tangu hapo. Tunaongea kuhusu mpira, na kuhusu bei ya kuweka simenti kaburini. Bado.

Makala yale niliyafuta kwenye blogu siku tuliyotoka mazishini. Lakini mtu alikuwa ameshayapiga picha ya skrini. Mwezi uliopita yaliibuka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, yakiwa na alama ya kusambazwa mara nyingi, herufi zangu zile zile, nambari ya kliniki ikiwa chini. Mama mmoja alikuwa ameuliza kama namba hiyo bado inapatikana, kwa sababu dadake amepatikana na uvimbe.

Nilimwandikia pale pale. Nikamwambia ni mimi niliyeandika, na nikamwomba nambari yake nimpigie. Kesho kutwa tunaenda hospitali pamoja, yeye, dadake na mimi. Nimeambiwa tufike saa moja asubuhi ndipo tupate foleni ya mbele.